Kemia ya Tambi za Mboga na Ndimu

Tambi si chakula kigeni katika pwani ya Afrika Mashariki. Jina lenyewe laeleza umbo lake, kwani nyuzi za pamba zinazotiwa katika taa ya mafuta nazo, zikiwa nyingi, huitwa tambi. Mapishi yaliyozoeleka zaidi ni yale ya tui la nazi, sukari na iliki, ambayo hupendwa hasa katika mwezi wa Ramadhani. Tambi ndefu za namna ya Kiitalia, zinazopikwa kwa chumvi na kuliwa pamoja na mboga au nyama, zilienea katika miji yetu baadaye. Huko Somalia, ambako Waitalia walitawala sehemu ya kusini, chakula hicho kimekuwa cha kila siku.

Makala haya yanachunguza mlo mmoja wa aina hiyo: tambi ndefu zilizochanganywa na mchicha, karoti na pilipili hoho, kisha zikakolezwa kwa ndimu. Mlo huu waweza kuwa tayari katika muda usiozidi dakika 25, kwa jiko moja la mkaa. Swali linaloongoza uchunguzi ni dogo: je, ndimu itiwe wakati gani? Mpishi anaweza kusema kwamba jambo hilo ni la ladha tu. Mwanafunzi wa kemia ataona kwamba jibu lake lagusa rangi ya mboga, vitamini iliyomo katika sahani, na kiasi cha chuma ambacho mwili utaweza kukipata. Na suala la chuma si la mzaha. Uchunguzi wa hali ya afya uliofanywa nchini Tanzania katika miaka ya 2015 na 2016 ulionyesha kwamba wanawake 45 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49, na watoto 58 katika kila 100 wenye umri wa miezi 6 hadi 59, walikuwa na upungufu wa damu.

MAHITAJI NA UTARATIBU

Kwa watu wanne huhitajiwa tambi gramu 400, mchicha uliochambuliwa gramu 300, karoti mbili, pilipili hoho mbili kubwa, kitunguu maji kimoja, punje tatu za kitunguu saumu, mafuta ya kupikia vijiko vikubwa vinne, ndimu tatu, na chumvi. Ndimu zikikosekana, limau moja kubwa au danzi moja litafaa.

Maji lita mbili hutiwa chumvi na kuchemshwa. Tambi huingizwa na kukorogwa kwa dakika mbili, kisha sufuria hufunikwa vizuri na kuepuliwa. Tambi zitaendelea kuiva zenyewe pembeni, na jiko litakuwa huru kwa kikaango. Kitunguu maji na kitunguu saumu hukaangwa kwa dakika tatu, karoti zilizokatwa vijiti vyembamba hufuata kwa dakika mbili, kisha mchicha kwa dakika mbili nyingine bila kufunikwa. Pilipili hoho huwekwa mwishoni, nayo haihitaji zaidi ya dakika moja. Tambi huchujwa, na maji yake kiasi cha kikombe kimoja huhifadhiwa. Tambi na sehemu ya maji hayo huchanganywa na mboga, na kikaango huepuliwa. Hapo tu ndipo ganda la ndimu lililokwaruzwa na maji ya ndimu hutiwa, na chakula huliwa mara moja.

Kila hatua katika utaratibu huu ina sababu yake, na baadhi ya sababu hizo zinapingana na mazoea ya jikoni.

MAJI, MOTO NA WANGA

Tambi ndefu hutengenezwa kwa unga wa ngano ngumu, ambao una protini nyingi. Unga ukikandwa na maji, protini hizo huungana na kufanya wavu wa glutini, na chembe za wanga hunaswa ndani ya wavu huo. Tambi zikitiwa katika maji ya moto, mambo mawili hutokea karibu kwa wakati mmoja. Chembe za wanga hunywa maji, huvimba na kulainika. Kwa ngano hali hiyo huanza kwenye nyuzi 55 hadi 65 za sentigredi. Wakati huohuo protini hushikamana na kuwa imara kwa sababu ya joto. Tambi nzuri ni ile ambayo wavu wa protini umewahi kukaza kabla wanga haujatoroka wote kwenda majini.

Msomaji ataona kwamba halijoto inayotakiwa kwa kazi hii ni ndogo kuliko ile ya maji yanayochemka. Kwa hiyo si lazima maji yatokote kwa fujo muda wote. Maji yanayochemka sana hayana joto kubwa kuliko yale yanayochemka polepole: joto la ziada linalotoka jikoni hutumika kuyageuza kuwa mvuke tu, na kila kilogramu ya maji inayogeuka mvuke huondoka na kilojuli zipatazo 2,260. Kutokana na hayo, sufuria iliyofunikwa na kuepuliwa yaweza kumaliza kazi yenyewe, mradi muda ulioandikwa kwenye pakiti uongezwe dakika moja au mbili. Mwaka 2022 mwanafizikia wa Italia, Giorgio Parisi, aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 2021, aliunga mkono njia hiyo hadharani, na wapishi kadhaa wa nchi yake wakakasirika. Ubishi huo ulikuwa wa ladha na mila. Kwa upande wa fizikia hapakuwa na ubishi.

Kuna kuokoa kwingine katika wingi wa maji. Desturi ya Italia ni lita moja kwa kila gramu 100 za tambi, yaani lita nne kwa mlo huu. Kuzipandisha lita nne kutoka nyuzi 25 hadi nyuzi 100 kwahitaji kilojuli 1,260; lita mbili zahitaji nusu yake, yaani 630. Tuchukue kwamba kilo moja ya mkaa hutoa kilojuli 30,000, na kwamba katika jiko la kawaida sehemu moja tu kati ya tano hufika kwenye sufuria. Mlo wa lita nne utakula gramu 210 za mkaa kwa kuchemsha maji peke yake, na ule wa lita mbili gramu 105. Kinachodaiwa na maji machache ni kukoroga kwa bidii katika zile dakika mbili za mwanzo, wakati wanga wa juu ya tambi unanata. Wapishi wengi hutia mafuta katika maji wakidhani yatazuia tambi kushikana. Mafuta huelea juu, na tambi ziko chini. Kijiko ndicho kinachozitenganisha.

Chumvi nayo husingiziwa kwamba hupandisha sana halijoto ya kuchemka. Gramu 10 katika lita moja huipandisha kwa takriban sehemu mbili za kumi za nyuzi moja. Mwinuko wa nchi una nguvu kubwa zaidi: maji yanayochemka kwenye nyuzi 100 Dar es Salaam huchemka kwenye nyuzi zipatazo 95 Arusha, na kwenye nyuzi 94 hivi Mbeya. Chumvi hutiwa kwa ajili ya ladha.

Maji yaliyochujwa yana weupe wa mawingu. Weupe huo ni wanga uliotoroka, na maji yakiwa machache wanga huo huwa mwingi. Yakikorogwa pamoja na mafuta ya kikaangoni, wanga huyafanya mazito na kuyazuia matone ya mafuta yasikutane na kujitenga. Mchuzi hushika kwenye tambi badala ya kuteleza na kubaki chini ya sahani. Kikombe cha maji hayo kina kazi nyingine ya kisayansi itakayoelezwa baadaye.

RANGI YA KIJANI NA ADUI ZAKE

Ukijani wa mchicha hutokana na klorofili. Katikati ya molekuli ya klorofili kuna atomi moja ya magnesiamu, iliyozungukwa na atomi nne za naitrojeni. Magnesiamu hiyo haikushikwa kwa nguvu sana. Mchicha ukipashwa moto mahali penye asidi, ioni za haidrojeni huingia katikati na kuifukuza magnesiamu. Kinachobaki huitwa feofitini, na rangi yake ni kijani kilichofifia kuelekea kahawia. Kila mtu aliyewahi kupasha kiporo cha mchicha ameiona.

Asidi hiyo haitoki kwenye ndimu peke yake. Majani yenyewe yana asidi, ambazo katika jani bichi hukaa mbali na klorofili, zimefungiwa katika vyumba vyake ndani ya chembehai. Joto huvunja kuta za vyumba hivyo na vyote viwili hukutana. Baadhi ya asidi za majani huruka pamoja na mvuke, na hii ndiyo sababu ya kutofunika kikaango. Kifuniko huzirudisha chini pamoja na matone ya maji. Sababu ya kupika kwa dakika mbili tu ni kwamba mabadiliko ya rangi huhitaji muda. Katika dakika ya kwanza mchicha huwa wa kijani kikali zaidi, kwa sababu hewa iliyokuwa katikati ya chembehai hutoka na mwanga hupita vizuri. Kuanzia dakika ya tano au ya saba, ukahawia huanza kuonekana.

Sasa ndimu ikitiwa pamoja na mchicha tangu mwanzo, kazi hiyo ya dakika saba hufanyika kwa dakika chache sana. Maji ya ndimu yana asidi sitriki kiasi cha gramu 5 au 6 katika kila gramu 100, na pH yake huwa kati ya 2 na 3. Nyanya zina asidi hafifu zaidi, lakini nazo hufanya hivyohivyo zikipikwa kwa muda mrefu pamoja na majani. Kikaango kikishaepuliwa halijoto huanza kushuka. Ndimu ikitiwa wakati huo, na chakula kikaliwa bila kuchelewa, klorofili nyingi itakuwa bado na magnesiamu yake. Karoti haina wasiwasi huu. Rangi yake hutokana na karotini, ambayo haibadilishwi na asidi ya chakula, na ambayo mwili huitumia vizuri zaidi ikiwa imepikwa pamoja na mafuta.

Mtu aweza kuuliza: kuna hasara gani mboga ikiwa ya kahawia? Feofitini si sumu. Hasara huja kwa njia ya kuzunguka. Mpishi akiona mboga zake zimefifia, mara nyingi hukimbilia magadi.

MAGADI

Magadi yanayouzwa sokoni ni mchanganyiko wa chumvi za sodiamu, yaani kaboneti na baikaboneti, yanayopatikana kwa wingi katika maziwa ya Bonde la Ufa kama vile Natron nchini Tanzania na Magadi nchini Kenya. Ni alikali. Yakitiwa katika mboga huzimeza zile asidi za majani, na klorofili hubaki kijani. Tena huvunja gundi inayoshikanisha chembehai za mmea, na kwa sababu hiyo mboga huwa laini upesi. Kwa maharage makavu na mahindi ya makande, ambayo hula mkaa mwingi, kuna hoja ya kuyatetea.

Kwa majani mabichi hoja hiyo haipo. Mchicha huiva kwa dakika mbili bila msaada wowote. Vitamini C huharibika haraka sana katika alikali yenye joto, na vitamini B1 vilevile. Pamoja na hayo, magadi huongeza sodiamu katika chakula, jambo lisilofaa kwa wenye shinikizo kubwa la damu, na baadhi ya magadi ya kaskazini mwa Tanzania yana floridi nyingi kiasi cha kuchangia madoa ya meno. Hivyo kijani kinachopatikana kwa magadi kimelipiwa bei kubwa. Kijani kinachopatikana kwa kupika muda mfupi na kuchelewesha ndimu hakina gharama.

UCHACHU SI VITAMINI

Sifa ya matunda ya jamii ya michungwa katika tiba ina historia ndefu, na sehemu yake moja ilitokea katika pwani yetu. Mwezi wa Januari 1499, meli za Vasco da Gama zilifika Malindi zikitokea India, baada ya safari ya karibu miezi mitatu baharini. Mabaharia wapatao 30 walikuwa wamekufa njiani kwa kiseyeye, ugonjwa unaovimbisha fizi na kufungua vidonda vya zamani. Jambo lililotakiwa upesi kwa ajili ya wagonjwa lilikuwa machungwa, ingawa wengine walikuwa wamezidiwa wakafia hapohapo.

Miaka karibu 250 ilipita kabla jambo hilo halijapimwa kwa utaratibu. Mwaka 1747 daktari wa meli Mskoti, James Lind, aliwachukua mabaharia 12 wenye kiseyeye, akawagawa wawiliwawili, na kuwapa dawa sita mbalimbali, zikiwamo siki, maji ya bahari na mchanganyiko wa asidi ya salfa. Waliopewa machungwa mawili na limau moja kila siku walipona upesi kuliko wengine. Mwanafunzi aangalie jambo moja hapa: siki ni chachu, na asidi ya salfa ni chachu kupita zote, lakini hazikuwaponya wagonjwa. Jibu lilikuwa limeshaonekana mwaka 1747 kwamba uchachu si dawa.

Funzo hilo likasahauliwa. Jeshi la Wanamaji la Uingereza lilianza kutoa maji ya limau kwa mabaharia wake mwaka 1795, na kiseyeye kikapungua sana. Katika miaka ya 1860 limau za Mediterania ziliachwa, zikatumiwa ndimu za visiwa vya Karibi, ambazo ni chachu zaidi na zilizotoka katika makoloni ya Uingereza. Msafara wa George Nares wa kuelekea Ncha ya Kaskazini katika miaka ya 1875 na 1876 ulibeba maji ya ndimu hizo, na kiseyeye kiliwaangusha watu wake. Watafiti walipolinganisha matunda hayo mawili mwaka 1918, walikuta kwamba nguvu ya ndimu dhidi ya kiseyeye ilikuwa kama robo ya ile ya limau. Tena maji ya ndimu yaliyowekwa muda mrefu, au yaliyopitishwa katika mabomba ya shaba, hupoteza hata hicho kidogo, kwa kuwa shaba huharakisha kuungana kwa vitamini C na oksijeni. Asidi sitriki haikupotea. Maji yalibaki chachu kama kawaida, na kila mtu akaridhika.

Vitamini C yenyewe, yaani asidi askobiki, ilitengwa na mwanakemia wa Hungaria, Albert Szent-Györgyi, kwanza mwaka 1928. Kwa miaka michache alikosa mahali pa kuipata kwa wingi, hadi alipojaribu pilipili nyekundu zinazolimwa karibu na mji wa Szeged. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1937. Pilipili zile na pilipili hoho za sokoni kwetu ni mmea wa aina moja.

Jambo hili laturudisha kwenye kikaango. Maji ya ndimu yana vitamini C kiasi cha miligramu 30 katika gramu 100. Pilipili hoho mbichi ya kijani ina miligramu 80 hivi. Ndimu tatu hutoa maji yapatayo gramu 100, na kila mlaji atapata robo yake: miligramu 7 au 8. Nusu ya hoho, yenye uzito wa gramu 60, ina zaidi ya miligramu 45, na hata kama theluthi itapotea kwa moto wa dakika moja, bado imeizidi ndimu mara nne. Pilipili hoho haina uchachu wowote. Ulimi umedanganywa hapa kama mabaharia wa Nares walivyodanganywa, na ndiyo sababu hoho huwekwa mwisho kabisa na kukatwa wakati wa kuingizwa, si asubuhi. Kisu huachilia vimeng'enya vinavyoiharibu vitamini C ikiwa imekutana na hewa.

Kwa upande wa ndimu, haki yake isemwe. Vitamini C huvumilia moto vizuri zaidi ndani ya asidi kuliko nje yake, kwa hiyo ndimu iliyochemshwa kwa muda mfupi haipotezi vitamini yote kama watu wengi wanavyodhani. Kinachopotea upesi ni harufu. Katika vifuko vidogo vya ganda la nje kuna mafuta mepesi ambayo sehemu kubwa yake ni limoneni, na huruka kirahisi kwa joto. Hayayeyuki katika maji bali katika mafuta. Kwa hiyo ganda lililokwaruzwa, likitiwa katika mafuta ya kikaango kilichoepuliwa, huacha harufu yake humo na kuenea katika kila utambi. Sehemu nyeupe chini ya ganda ni chungu na haifai kukwaruzwa.

CHUMA KATIKA SAHANI

Gramu 75 za mchicha zina chuma kiasi cha miligramu 1.7, na gramu 100 za tambi kavu zisizoongezewa virutubisho kiasi cha miligramu 1.3. Jumla ni miligramu 3 kwa mtu mmoja. Mwanamke wa umri wa kuzaa anahitaji kufyonza takriban miligramu 1.5 kwa siku, na kwa hesabu ya haraka mlo mmoja ungetosha siku mbili. Hesabu hiyo ni ya uongo. Chuma cha mimea, tofauti na kile cha nyama, hufyonzwa kidogo sana, mara nyingi chini ya sehemu 10 kwa 100.

Chuma cha mimea kwa kawaida kiko katika hali ya ioni yenye chaji tatu. Ndani ya tumbo lenye asidi huyeyuka, lakini chakula kikishapita kwenye utumbo mwembamba, ambako asidi hupunguzwa, ioni hizo huganda na kutua, au hunaswa na faiteti za nafaka na tanini za mimea. Utumbo hauwezi kufyonza kilichoganda. Asidi askobiki huizawadia ioni hiyo elektroni moja na kuigeuza kuwa yenye chaji mbili, kisha huishika isigande mpaka ifike ukutani mwa utumbo. Asidi sitriki pia husaidia kukishika chuma kisitue. Kwa hiyo hoho na ndimu hufanya kazi pamoja, kila moja kwa namna yake, na vipimo vya mlo mmojammoja vimeonyesha kwamba vitamini C yaweza kuongeza ufyonzaji mara mbili au zaidi. Sharti ni moja: viwe katika mlo uleule. Chungwa la saa nne asubuhi halisaidii mchicha wa usiku.

Isichukuliwe kwamba sahani hii ni tiba. Uchunguzi wa muda mrefu umeonyesha kwamba faida katika damu yenyewe ni ndogo kuliko ile inayotabiriwa na mlo mmoja. Upungufu wa damu husababishwa pia na malaria, minyoo ya safura na selimundu, na mgonjwa hana budi kufika hospitali. Lakini kuna kosa moja la nyumbani linalorekebishika bila senti: kikombe cha chai pamoja na chakula. Tanini za chai hukinasa chuma kilekile ambacho hoho imekihangaikia. Chai ikicheleweshwa saa moja au zaidi baada ya kula, madhara hupungua sana.

JARIBIO LA DARASANI

Yale maji ya tambi yaliyohifadhiwa yakipoa ni kipimo kizuri cha vitamini C. Yazimuliwe kwa maji mara kumi, kisha sentimita za ujazo 5 zitiwe katika kila mrija wa majaribio na kuongezewa matone matatu ya mmumunyo hafifu wa iodini. Rangi ya buluu iliyokolea itatokea kwa sababu ya wanga. Mwanafunzi adondoshe maji ya ndimu tone kwa tone, akitikisa na kuhesabu, mpaka buluu itoweke: asidi askobiki imeigeuza iodini kuwa ioni za iodidi, ambazo hazina rangi na wanga. Arudie kwa maji ya hoho iliyotwangwa na kuchujwa, kwa maji ya ndimu yaliyokaa wazi siku tano, na kwa siki nyeupe. Matone yakiwa machache, vitamini ni nyingi. Siki haitaifuta buluu, hata ikimiminwa.

Mwalimu aangalie mitego miwili. Maji ya tambi yakiwa ya moto hayatoi buluu, hata kama wanga umo. Na magadi huifuta buluu yenyewe, kwa kuwa iodini huvunjika katika alikali. Mwanafunzi asiyejua hilo atatangaza kwamba magadi yana vitamini C. Mchuzi wa mboga uliopikwa kwa magadi sharti utiwe siki hadi litimasi iwe nyekundu, ndipo upimwe.

MASWALI

1. Chemsha mchicha kwa dakika tano katika mirija mitatu: wa maji matupu, wa maji yenye matone kumi ya ndimu, na wa maji yenye magadi kidogo. Eleza rangi ya kila mmoja kwa kutaja kinachotokea kwa magnesiamu.

2. Kwa nini tambi huhitaji muda mrefu zaidi kuiva Mbeya kuliko Dar es Salaam? Je, kuongeza moto kutasaidia?

3. Jiko lililoboreshwa hufikisha theluthi moja ya joto lake kwenye sufuria. Lita mbili za maji zitahitaji mkaa kiasi gani?

4. Mtu mmoja alihifadhi maji ya ndimu katika chupa mwezi mzima na kudai kwamba bado yana nguvu kwa sababu ni chachu kama siku ya kwanza. Buni jaribio la kumjibu.